Sukuma wiki haijala udongo wako

Swali: "Habari yako, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole. Kwenye roshani nina magunia mawili ya sukuma wiki ambayo niliyajaza udongo na samadi ya mbuzi mwaka jana. Tangu hapo tumekula, tumegawia majirani, na nyingine nimemuuzia mama mboga wa hapo chini. Nikikadiria, gunia moja limenipa kama kilo 50 za majani. Udongo umeshuka shubiri moja. Baba watoto anasema ni kawaida, mboga imeula. Kijana wetu wa kidato cha tatu anasema hapana, mmea hujitengenezea chakula kwa jua, na fomula anaiimba yote bila kukosea. Lakini nilipomuuliza, 'Basi hizi kilo 50 zimetoka wapi? Kwani jua lina uzito?' alinyamaza. Mwalimu, zimetoka wapi? Na kama hazikutoka kwa udongo, mbona bila samadi mboga inakuwa ya njano?"

Jibu:

Dada yangu, nimefundisha biolojia hapa Nairobi kwa miaka mingi, na hakuna swali linalonionyesha upesi kama mwanafunzi ameelewa somo au amelikariri kuliko hili ulilomuuliza kijana wako. Wanaojua fomula ni wengi. Wanaoweza kunyoosha kidole na kusema "uzito huu umetoka pale" ni wachache, na siwalaumu, kwa sababu jibu lenyewe halimeziki haraka. Kilo zako 50 zilitoka kwa maji uliyomwagilia na kwa hewa. Hewa hii hii ya Kayole, yenye vumbi na moshi wa matatu. Udongo ulichangia, lakini kidogo sana. Jua halikuchangia hata gramu moja.

Tuanze na kupima. Majani mabichi ya sukuma wiki ni maji kuliko chochote kingine. Ukiyaanika mpaka yavunjike vidoleni, kilo 50 zitabaki kama kilo 6 au 7. Zile nyingine zaidi ya 40 zilikuwa ndani ya mitungi uliyopandisha ngazi, na hapo hakuna ajabu. Ajabu iko kwenye zile 6 au 7 zilizokauka, kwa sababu ndizo mwili wenyewe wa mboga: nyuzi zake, kuta za seli, protini, sukari. Sasa zichome mpaka ziungue kabisa. Utabaki na jivu la gramu mia kadhaa. Jivu hilo ndilo lililotoka udongoni. Ongeza nitrojeni, ambayo pia hutoka udongoni ila huondoka na moshi, na mchango wote wa udongo kwa mboga ya mwaka mzima unafika takriban kilo moja. Kilo 5 hivi zilizosalia zilikuwa zikielea hewani mbele ya dirisha lako, isipokuwa sehemu ndogo ya hidrojeni iliyotoka kwa maji.

Baba watoto asione haya. Tangu enzi za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, watu wenye elimu kubwa waliamini kwamba mmea hula udongo kwa mizizi kama sisi tunavyokula kwa mdomo. Katika karne ya 17 daktari mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, aliacha kubishana akapima. Alichukua ratili 200 za udongo aliokuwa ameukausha kwenye tanuri, akautia kwenye chombo, akaulowesha, akapanda mwerebi mchanga wenye ratili 5. Chombo akakifunika kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie. Kwa miaka 5 hakuongeza kitu ila maji. Mwishowe mti ulikuwa na ratili 169 na wakia 3 hivi, na hapo hakuyahesabu majani yaliyopukutika vuli baada ya vuli. Akaukausha udongo tena, akaupima. Ulikuwa umepungua wakia 2 tu, kama gramu 60, uzito wa yai moja.

Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, miaka 4 baada ya kifo chake. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea, na namna alivyokosea ndiyo inayonifanya nimrudie kila mwaka darasani. Mtu huyo huyo, katika kazi yake nyingine, alichoma ratili 62 za makaa ya mwaloni akabaki na ratili moja ya jivu. Akasema zile 61 zimeondoka zikiwa kitu kisichoshikika wala kuonekana, akakipa jina: gesi. Neno hilo tunalotamka tukienda kujaza mtungi wa kupikia lilitoka kwake. Yaani jibu zima lilikuwa mikononi mwake, nusu moja kwenye chombo cha mti na nusu nyingine kwenye moto, na hakuziweka pamoja. Kilichotoka kwenye makaa ndicho kilichokuwa kimeingia kwenye mti.

Wewe unaweza kuziweka pamoja jioni hii. Makaa ni mti uliochomwa kwa hewa haba mpaka maji na gesi nyingine zikatoka, ikabaki kaboni karibu tupu. Nunua mkebe mmoja, upime kwa mizani ya jirani mwenye duka, upike chai na githeri, kisha asubuhi pima jivu. Utashika kiganja kimoja chepesi. Lile fungu kubwa limeungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksidi, ambayo Kiswahili huiita pia hewa ukaa, na napenda jina hilo kwa sababu ukaa na makaa ni neno moja. Lugha yetu imeshamwambia mtoto kilicho ndani ya hewa hiyo kabla mwalimu hajafika darasani. Kijana wako husoma somo hili kwa Kiingereza, na ndiyo maana ninawashauri wazazi waliongee kwa Kiswahili nyumbani, hata kama mtihani hautakuja hivyo. Kazi hii ya mmea kujijenga kwa hewa na maji huitwa usanisinuru: kusanisi ni kuunganisha vitu vidogo kuwa kitu kipya, nuru ni mwanga. Kuunganisha kwa mwanga. Jina limebeba somo zima.

Ukipata siku ya kwenda Karura, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa wakiutetea Januari 1999, shika shina la mti wowote mnene. Ukitoa maji, karibu kila kitu unachokigusa kiliwahi kuwa hewa.

Lakini hewa inaingiaje? Geuza jani la sukuma. Ngozi yake ya chini, na ya juu pia, ina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa stomata, na kila kimoja kina seli mbili zinazokifungua na kukifunga kama midomo. Hapo ndipo hewa ukaa hupita. Na ni adimu kweli: katika lita 10,000 za hewa, yenyewe ni kama lita 4 tu. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo moja (ndiyo, hewa ina uzito), na ndani yake hewa ukaa haifiki hata gramu moja. Ili jani litengeneze gramu moja ya sukari, linahitaji hewa ukaa yote iliyomo katika zaidi ya mita mbili za ujazo za hewa. Ndiyo maana jani ni bapa na jembamba, na mmea huyapanga majani yake yasikingane mno. Jani linatafuta kitu chembamba katika hewa nyingi.

Hapa pia ndipo unapolipia maji. Kitundu kikifunguka ili hewa ukaa iingie, mvuke hutoka kwa mlango huo huo. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayopanda kutoka mizizini hupotelea hewani hivyo, hayawi sehemu ya mboga kabisa. Saa saba mchana, jua likiwa kali na gunia likiwa kavu, mmea hufunga vitundu ili usikauke. Ukifunga, hewa ukaa haiingii, na ujenzi unasimama. Kwa hiyo gunia lisilomwagiliwa lina njaa kabla majani hayajaonyesha kiu. Mwagilia asubuhi na mapema, mmea uanze siku milango ikiwa wazi.

Turudi kwa jua, maana swali lako, "kwani jua lina uzito?", lilikuwa zuri kuliko ulivyodhani. Vitabu husema mmea hutumia mwanga kutengeneza chakula, na mtoto akisikia hivyo mara nyingi huanza kuona mwanga ukigeuka sukari. Haugeuki. Fikiria mjengo wowote pale mtaani. Mawe huletwa na lori, maji kwa mkokoteni, na vijana wa mjengo huyabeba na kuyapanga kuanzia asubuhi. Jioni ukuta umesimama. Bila vijana mawe yangelala chini vilevile, lakini ukiupima ukuta hutapata uzito wa vijana ndani yake. Hewa ukaa na maji ndivyo mawe. Mwanga ndio nguvu ya mikono. Klorofili, ile rangi ya kijani, ndiyo inayokamata mwanga na kuutia kazini.

Fomula ya kijana nayo inasema hivyo hivyo ukiigeuza kuwa gramu. Gramu 264 za hewa ukaa na gramu 108 za maji huingia. Gramu 180 za glukosi na gramu 192 za oksijeni hutoka. Mwambie ajumlishe kila upande: 372 na 372. Mwanga haumo kwenye jumla. Fomula aliyoiimba miaka hii yote ilikuwa na jibu lako, ila hakuna aliyemwambia aisome kwa mizani.

Uthibitisho wa moja kwa moja ulichelewa. Mwaka 1940 Martin Kamen na Sam Ruben, kule California, waligundua kaboni 14, kaboni inayotoa mnururisho na kwa hiyo inaweza kufuatwa popote iendapo. Baadaye Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao waliupa mwani hewa ukaa yenye kaboni hiyo chini ya taa, wakaua mwani kwa pombe ya moto baada ya sekunde chache, wakatafuta kaboni imefika wapi. Katika sekunde hizo ilikuwa tayari imeingia kwenye molekuli ambazo huishia kuwa sukari. Calvin alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Sasa samadi. Kama udongo huchangia kilo moja tu kati ya 50, mbona bila samadi majani yanakuwa ya njano? Kwa sababu nyumba ya mawe haiezekwi bila misumari. Ukipima nyumba nzima, misumari haina uzito wa kutajwa. Ikikosekana, mabati hayakai. Nitrojeni ni ya kila protini na ya klorofili yenyewe. Magnesiamu hukaa katikati kabisa ya kila molekuli ya klorofili. Fosforasi imo ndani ya DNA na ndani ya molekuli zinazobeba nishati kwenye seli. Potasiamu ndiyo inayofungua vile vitundu vya jani. Mmea ukikosa nitrojeni hufanya jambo ambalo mama ataelewa: huinyang'anya majani ya zamani, ya chini, na kuyapelekea machanga ya juu. Ukiona njano inaanzia chini, mboga inalilia samadi. Njano ikiwa katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe imebaki kijani, shuku magnesiamu.

Na nisikufiche tofauti iliyopo kati ya gunia lako na chombo cha van Helmont. Yeye alikuza mti, na mbao ina madini machache mno. Wewe unavuna majani, yenye madini mengi kuliko mbao, na kila wiki unayabeba kwenda jikoni, hayarudi kamwe. Ile kilo moja kwa mwaka inaondoka kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia mimea hujengwa kwa hewa basi samadi haina maana, usimsikilize.

Inauma kidogo kufikiria kwamba asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni na sukuma wiki haiwezi kuitumia. Atomu zake hukaa mbili mbili, zimeshikana kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Bakteria fulani wanaweza, na baadhi yao huishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharagwe. Ng'oa kunde iliyonawiri, utaviona. Ukikipasua kimoja na ndani kuna wekundu, kiko kazini. Panda kunde kwenye gunia moja msimu mmoja, kisha mizizi yake uiache iozee humo humo.

Bado ile shubiri moja. Udongo umekwenda wapi? Sehemu ni kushindiliwa tu: maji ya kila siku huziba nafasi zilizokuwa kati ya chembe. Iliyobaki ililiwa kweli, ila na wengine. Samadi ya mbuzi ni mabaki ya majani, na bakteria, kuvu na wadudu wa udongoni huyala mabaki hayo, kisha huyatoa kama hewa ukaa. Gunia lako linapumua, dada. Kaboni iliyotoka hewani ikawa jani, ikaliwa na mbuzi, ikawa samadi, sasa imerudi hewani, na haikosi imepita tena kwenye stomata za mboga iliyo juu yake. Baba watoto aliona sawa kwamba kuna aliyekula. Alikosea mlaji.

Hii njia ya kurudi ndiyo wanafunzi huisahau. Seli zetu, kwenye vijumba viitwavyo mitokondria, huchukua sukari na oksijeni, hupata nishati, na kilichobaki ni hewa ukaa na maji. Fomula ni ile ile imegeuzwa. Waulize wanaokimbia asubuhi ili wapungue: mafuta ya mwili huenda wapi? Wengi watasema ni jasho. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown, kule Australia, walionyesha kwa hesabu kwamba kilo 10 za mafuta ya mwili zikitumika, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama hewa ukaa, na 1.6 kama maji.

Mimea nayo hupumua hivyo, mchana na usiku. Mchana hujenga zaidi ya inavyotumia. Usiku hutumia tu. Kutokana na hilo watu huambiana wasilale na maua chumbani kwa kuwa yatamaliza oksijeni. Ua la chungu hutumia oksijeni kidogo mno. Mtu mmoja kitandani hutumia nyingi kuliko maua mengi. Kinachoua chumbani ni jiko la makaa, na naomba unisikilize hapa hata kama hukuuliza. Makaa yakiungua mahali hewa ni haba hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Msimu wa baridi wa Juni na Julai, jiko likiwa na moto lisilale nyumbani, hata makaa yakionekana yamefifia.

Mpe kijana kazi moja ya mwisho, ya maharagwe. Achague punje 40 zinazofanana na azigawe mafungu mawili ya uzito sawa. Fungu moja alikaushe na kuliweka kando. La pili alioteshe kwenye pamba yenye maji, ndani ya kabati lenye giza, siku 10. Zitachipuka ndefu, nyeupe, zikijinyoosha kutafuta mwanga, na ukiziangalia utaapa zimeongezeka. Kisha azikaushe kabisa, mizizi na yote, na apime mafungu yote mawili kwa mizani ndogo ya jikoni. Kabla hajapima, aandike kwenye karatasi lipi litakuwa zito na kwa nini. Yaliyokua gizani yatakuwa mepesi kuliko mbegu zilizolala tu, kwa sababu siku 10 yametumia akiba ya mbegu bila mwanga wa kujengea nyingine. Akiandika kwamba yatakuwa mazito kwa kuwa yamekua, mrudishe kwenye jiko, aangalie jivu, ajaribu tena.